Nataka kurudi jeshini Marekani: je, niache dawa za sonona?

SWALI

Daktari, nina umri wa miaka 31, nimezaliwa Arusha na sasa naishi Texas, Marekani. Niliingia Jeshi la Nchi Kavu la huku nikiwa na kadi ya ukaazi wa kudumu, nikatumikia mkataba wangu wa miaka minne, nikapata uraia kupitia utumishi huo na nikaondoka kwa heshima. Huu ni mwaka wa tatu niko uraiani, nafanya kazi ghalani, na kila siku natamani kurudi. Nimewakumbuka wenzangu, na bima ya afya ya familia ingenifaa sana.

Nina matatizo mawili. Miezi kumi iliyopita nilifanyiwa upasuaji wa goti baada ya kukata ligamenti ya ACL nikicheza mpira. Pia, baba alifariki nikiwa huku, nikashindwa kwenda kumzika, nikapata sonona. Daktari wa hospitali ya maveterani alinianzishia sertraline pamoja na ushauri nasaha, na sasa ni mwezi wa saba. Naendelea vizuri: nalala, nakula, nacheza na watoto. Napokea pia fidia ya asilimia 10 kutoka VA, idara ya maveterani, kwa sababu ya masikio kuvuma.

Rafiki yangu aliyewahi kurudi jeshini ananiambia niombe weiva, yaani ruhusa maalumu ya kupokelewa bila kukidhi kiwango cha afya, ya goti tu, habari ya sonona ninyamaze, na vidonge niviache kuanzia sasa ili visionekane kwenye damu. Je, nikiviacha leo vitatoka mwilini baada ya muda gani? Na weiva ya goti naweza kuipata lini?

Msomaji, Texas

JIBU

Mwanangu, pole sana kwa msiba wa mzee. Kumpoteza mzazi ukiwa ng'ambo, usiweze hata kutupa mchanga kaburini kwake, ni uchungu ambao wasomaji wetu wengi walio mbali wanaujua. Ulifanya jambo la busara kwenda hospitali badala ya kujikaza kisabuni.

Nianze na lililo la haraka. Vidonge usiviache. Sertraline hutoka mwilini ndani ya wiki moja hivi tangu umeze cha mwisho, lakini hakuna mtu atakayeitafuta katika damu yako. Kwenye kituo cha MEPS, ambako waombaji wa kuingia jeshini hupimwa, damu huchukuliwa kwa ajili ya kupima virusi vya UKIMWI na mkojo hupimwa dawa za kulevya. Dawa ya sonona haimo katika vipimo hivyo. Inapoonekana ni kwenye kumbukumbu za hospitali na za duka la dawa, na humo haifutiki kwa sababu umeacha kumeza. Rafiki yako anakuambia uhatarishe afya yako kwa faida ambayo haipo.

Ukikatisha dawa ghafla

Anayekatisha sertraline bila usimamizi anaweza kuanza kuumwa ndani ya siku chache. Hupata kizunguzungu, kichefuchefu, usingizi wa kukatikakatika wenye ndoto za kutisha, hasira za karibu, na mishtuko kichwani kana kwamba umeme umepita. Wagonjwa wengi wakifikia hapo hudhani wamekuwa waraibu. Huo si uraibu. Mwili ulikuwa umeizoea dawa na sasa imeondolewa kwa mkupuo. Kwa wengi hali hiyo hupita.

Linalonitia hofu zaidi ni ugonjwa wenyewe kurudi. Taratibu za tiba zinataka mgonjwa aliyepona sonona aendelee na dawa kwa angalau miezi sita baada ya dalili kuisha. Angalia vizuri hapo: hesabu inaanza dalili zinapoisha. Wewe umetaja miezi saba tangu uanze tiba, na wiki za mwanzo bado ulikuwa unaumwa, kwa kuwa dawa hizi huchukua wiki kadhaa kabla hazijafanya kazi sawasawa. Kwa hiyo hesabu yako huenda haijatimia. Ikitimia, daktari wako atapunguza dozi kidogo kidogo kwa wiki kadhaa au miezi, akiuliza kila mara kuhusu usingizi wako, hamu yako ya kula na mawazo yako. Ndivyo dawa hii inavyoachwa.

Sasa fikiria umeiacha kimyakimya, umefaulu kuingia, na sonona ikarudi ukiwa kwenye mafunzo. Unalala saa chache, familia iko mbali, silaha iko mkononi, na huwezi kumweleza daktari wa kikosi kwa sababu ulishaandika kwamba hujawahi kuugua. Hali hiyo inaua watu. Ndiyo maana nakusihi: siku yoyote mawazo ya kujidhuru yakikujia, uwe umeacha dawa au hujaacha, piga 988 kisha ubonyeze 1. Huo ndio mstari wa dharura wa maveterani Marekani, uko wazi usiku na mchana.

Kunyamaza kuna gharama

Zamani ilikuwa rahisi kuficha. Siku hizi sivyo. Tangu mwaka 2022, vituo vya MEPS vinatumia mfumo wa kumbukumbu za afya uitwao MHS Genesis, ambao unaweza kuvuta taarifa kutoka hospitali nyingi za kiraia. Wizara ya Ulinzi na VA pia zina njia ya pamoja ya kubadilishana taarifa za wagonjwa. Wewe umetibiwa sonona katika hospitali ya VA yenyewe. Ukiandika kwamba hujawahi kutumia dawa ya akili, daktari wa kituo anaweza kuiona sertraline kwenye kompyuta yake huku wewe ukiwa umeketi mbele yake.

Fomu ya historia ya afya, DD 2807-1, inauliza waziwazi kuhusu ushauri nasaha na matibabu ya akili. Inauliza pia kama umewahi kuomba au kupokea fidia ya ulemavu, na mwisho unatia sahihi kwamba uliyoyasema ni kweli. Kuingia jeshini kwa kuficha jambo kama hilo ni kosa chini ya Kifungu cha 104a cha sheria za kijeshi za Marekani.

Kwa wewe uliyezaliwa nje kuna hatari ya ziada. Umesema ulipata uraia kupitia utumishi wa jeshi. Sheria ya uhamiaji inaruhusu uraia wa namna hiyo kufutwa iwapo mtu ataondolewa jeshini kwa namna isiyo ya heshima kabla hajatimiza jumla ya miaka mitano ya utumishi mwema. Wewe una minne. Ukirudi kwa uongo, ukagundulika na kufukuzwa vibaya, kinachoweza kupotea ni zaidi ya kazi. Vijana wengi wa Afrika Mashariki waliingia jeshi lile, wengine kupitia mpango wa MAVNI ambao ulitafuta wahamiaji wenye taaluma za afya na wanaojua lugha fulani, Kiswahili kikiwemo, hadi uliposimamishwa mwaka 2016. Ninyi nyote mna sababu ya kulijua jambo hili kabla hamjasikiliza ushauri wa kijiweni.

Weiva hutolewaje

Aliyekaa nje ya jeshi zaidi ya mwaka hupimwa upya kwa viwango vya waombaji wapya. Viwango hivyo vimo katika waraka wa Wizara ya Ulinzi namba 6130.03, juzuu ya kwanza. Daktari wa MEPS hupima na kusoma kumbukumbu, kisha hujaza tarakimu kwenye safu sita za herufi PULHES: hali ya mwili kwa jumla, mikono, miguu, masikio, macho na akili. Safu ikipata 3 yenye herufi P, yaani ya kudumu, maana yake hali hiyo haikidhi kiwango. Wengi huisoma P ile kama mlango uliofungwa milele na hurudi nyumbani wamevunjika moyo. Kumbe ndipo weiva inapoanza.

Daktari wa MEPS hatoi weiva. Faili hupelekwa kwa mamlaka ya tiba ya jeshi unaloomba: nchi kavu, majini, anga au Marine Corps, kila moja na watu wake. Wewe mwenyewe hupeleki faili, hulipeleka afisa uandikishaji, naye si lazima akubali kulipeleka akiona halina matumaini. Uamuzi wa jeshi moja haulifungi jingine, hivyo aliyekataliwa huku anaweza kukubaliwa kule.

Anayesoma faili lako hapimi uzalendo wako. Anajiuliza mambo machache: je, mtu huyu ana ugonjwa wa kuambukiza wenye kuhatarisha wenzake? Je, atapoteza siku nyingi hospitalini? Je, ataweza kumaliza mafunzo? Je, anaweza kupelekwa mahali popote bila masharti? Je, kazi yenyewe haitamzidishia ugonjwa? Piga picha uko kambi ya jeshi la Marekani ya Lemonnier, Djibouti, jotoridi limepita nyuzi 40, umebeba mzigo mgongoni, na miadi yako na mshauri nasaha iko Texas. Kila karatasi utakayoipeleka itumike kujibu maswali hayo.

Kwa upande wa sonona, viwango vilivyoanza kutumika mwaka 2018 vilimtaka mtu awe amekaa miezi 36 bila dalili wala matibabu. Vilimzuia pia aliyehitaji huduma ya kliniki, ushauri nasaha ukiwemo, kwa jumla ya zaidi ya miezi 12, aliyelazwa hospitalini, aliyeugua tena baada ya kupona, au aliyewahi kufikia hatua ya kutaka kujiua. Asiyekidhi hayo ndiye anayehitaji weiva. Inaweza kuombwa kabla ya miezi 36 kutimia, lakini anayeiomba akiwa bado anameza dawa nafasi yake ni finyu mno. Mwaka 2025 wizara ilikaza masharti zaidi na kutaja hali ambazo haziombewi weiva kabisa, zikiwemo moyo kushindwa kusukuma damu na skizofrenia. Sonona kama uliyoieleza haikuwekwa humo. Masharti haya hurekebishwa, kwa hiyo mwombe afisa uandikishaji akusomee toleo linalotumika siku hiyo unayokwenda kwake.

Kwa hiyo nikuambie wazi: mwaka huu si mwaka wako. Najua hukutaka kulisikia hilo.

Goti nalo lisiharakishwe

Kuhusu goti habari ni njema zaidi. Chini ya viwango hivyohivyo, ACL iliyotengenezwa mara moja humzuia mtu ikiwa upasuaji ulifanyika ndani ya miezi 12 iliyopita, au goti bado linauma, linayumba, au misuli ya paja au ya kigimbi imesinyaa. Ukivuka miezi 12 na goti likawa imara, huenda usihitaji weiva ya goti hata kidogo. Lakini ACL ikikatika mara ya pili na kutengenezwa tena, unaingia katika kundi jingine gumu. Kwa hiyo kazi yako kubwa sasa ni kulinda ligamenti hiyo mpya.

Utafiti wa watafiti wa Oslo na Delaware uliochapishwa mwaka 2016 ulifuatilia wanamichezo waliofanyiwa upasuaji huu. Ulionyesha kwamba kila mwezi ambao mtu aliahirisha kurudi mchezoni, hadi kufikia mwezi wa tisa, uwezekano wa kuumia tena ulipungua kwa takriban nusu. Ulionyesha pia kwamba waliorudi misuli ya mbele ya paja ikiwa na nguvu zinazolingana pande zote mbili waliumia kidogo. Wewe umevuka mwezi wa tisa. Swali lililobaki ni la nguvu.

Unaweza kuanza kujipima nyumbani. Kaa kitini, nyoosha mguu mbele. Chukua futi ya kitambaa kama ya fundi cherehani, pima sentimeta 15 kutoka ukingo wa juu wa kifuniko cha goti kwenda juu, weka alama kwa kalamu, kisha zungushia futi paja lako hapo kwenye alama. Fanya hivyo mguu wa pili. Paja la goti lililopasuliwa likiwa dogo kwa sentimeta mbili au zaidi, misuli haijarudi, hata kama maumivu yameisha. Kisha simama mbele ya kioo kwenye ngazi fupi, shuka polepole kwa mguu huo mmoja na uangalie goti. Likiingia ndani kuelekea goti la pili badala ya kubaki sawa na vidole vya mguu, mwonyeshe mtaalamu wa fiziotherapia. Kuruka kwa mguu mmoja umwachie yeye akupime: mguu uliopasuliwa unatakiwa kufika angalau asilimia 90 ya umbali wa mguu mzima.

Jipime kwa uaminifu, kwa sababu MEPS hakuna mchezo. Utavuliwa ubaki na nguo ya ndani, utaambiwa uchuchumae na utembee umechuchumaa kama bata, daktari akiangalia magoti kwa karibu. Usimeze ibuprofen asubuhi hiyo ili kuficha uvimbe. Ukifaulu kwa kidonge, kesho yake utadaiwa goti halisi. Matembezi ya kutunukiwa beji ya askari mahiri wa miguu ni maili 12, karibu kilomita 19, ukiwa na mzigo wa ratili 35, takriban kilo 16, kwa muda usiozidi saa tatu. Hakuna kidonge kinachobeba mzigo huo.

Fidia ya masikio

Fidia ya asilimia 10 peke yake haikuzuii kurudi, ila lazima uitaje. Daktari wa MEPS atataka kujua ilitolewa kwa sababu gani, na usikivu wako utapimwa. Sheria ya Marekani hairuhusu mtu kupokea mshahara wa utumishi kamili na fidia ya VA kwa wakati mmoja, hivyo ukikubaliwa uwaarifu VA mapema waisimamishe. Waliokaa kimya hujikuta wanadaiwa kurudisha fedha walizokwisha kutuma nyumbani. Ukija kuondoka tena, unaweza kuomba irejeshwe.

La kufanya kuanzia wiki hii

Kwanza, mweleze daktari wako wa VA nia yako ya kurudi jeshini. Mwulize lini atakuona umepona kabisa na dawa itapunguzwaje. Msikubaliane tarehe kwa sababu ya jeshi. Mkubaliane kwa sababu ya afya yako. Siku ya kidonge cha mwisho na siku ya kikao cha mwisho cha ushauri ziandikwe kwenye faili, maana hesabu ya miezi huanzia hapo.

Pili, usikatize ushauri nasaha ukiogopa vikao vingi vitakuharibia. Najua kanuni inahesabu miezi ya matibabu, na najua wengine hukimbia kwa sababu hiyo. Mtu aliyetibiwa akapona ana hoja ya kumpelekea msoma faili. Aliyekimbia matibabu akaanguka tena hana.

Tatu, kusanya karatasi mapema: ripoti ya daktari mpasuaji, picha za MRI, maelezo ya mwisho ya fiziotherapia yenye vipimo vya nguvu, kumbukumbu zote za sonona, na DD 214 yako, yaani hati ya kuondoka jeshini. Kama huna nakala ya DD 214, iombe kwenye hifadhi ya kumbukumbu za watumishi iliyoko St. Louis, Missouri. Tazama humo namba ya RE, inayoonyesha kama unaruhusiwa kujiunga tena. RE-1 ni mtu anayeruhusiwa kurudi, RE-3 anahitaji weiva ya kiutawala kwanza, na RE-4 kwa kawaida hana njia. Wako wengi wanaohangaika na daktari kumbe kizuizi kiko kwenye tarakimu hiyo moja.

Nne, omba barua za madaktari zinazoeleza unachoweza kufanya. Barua isemayo tu kwamba huyu ni mzima haina uzito. Yenye uzito inasema: anakimbia kilomita kadhaa bila uvimbe, mguu una asilimia kadhaa ya nguvu za mwenzake, hana dalili za sonona tangu tarehe fulani, hahitaji dawa.

Tano, jiandae pia kwa jibu la hapana. Kwa utumishi wako una haki ya kusoma kwa GI Bill, mpango wa elimu kwa waliotumikia jeshi, na mwenye kiwango cha ulemavu kama chako anaweza kuomba msaada wa VA wa kujengewa taaluma mpya. Hizo ni njia za heshima za kuilisha familia yako. Na kama unategemewa na ndugu Arusha, waambie ukweli kwamba unajitibu. Mama yako angependa mwana aliye hai na mwenye afya kuliko fedha za kila mwezi kutoka kwa mtu anayeficha maumivu yake.

Wapo bado wanaoamini kwamba askari aliyemeza dawa ya sonona amepoteza uanaume wake. Mimi nimekaa na wagonjwa wa kutosha kusema kwamba hilo ni uongo unaoua. Ulipoumia goti hukuona aibu kupasuliwa. Ulipoumia moyoni ulikwenda kutibiwa vilevile, na umeanza kupona. Endelea na vidonge vyako, maliza tiba yako, imarisha goti, kisha nenda mbele ya daktari wa MEPS ukiwa na faili kamili, useme yote. Jibu lolote watakalokupa, utakuwa umelipata ukiwa mzima.